Mita Nzima, Probu Iliyokufa

Katika masoko ya vifaa vya maabara vilivyotumika, hasa Marekani na Ulaya vilikotengenezwa, kuna maneno mawili yanayoporomosha bei ya mita ya masafa ya redio kuliko kutu au kioo kilichopasuka: "bila probu". Sanduku la mita ya kampuni ya Boonton la miaka ya 1970, lenye bodi nene na swichi zinazogeuka kwa mlio wa kuridhisha, huuzwa kwa bei ya kutupa. Probu yake, kitu cha kuenea kiganjani, huweza kugharimu zaidi ya sanduku lenyewe. Mnunuzi mgeni hudhani soko limerukwa na akili. Soko liko sawa. Linachojua ni kwamba kwenye mita za aina hii kipimo hakifanyiki ndani ya sanduku.

Sababu yake ni ya kifizikia. Kebo ya kawaida ya mita moja ina kapasitansi ya takriban pikofaradi 100. Kwa umeme wa megahezi 100, masafa ya redio ya FM, kapasitansi hiyo ni sawa na kufunga rezista ya takriban omu 16 kati ya saketi yako na ardhi. Ukiunganisha kebo hiyo kwenye saketi ili upime, umeizima kabla hujaipima. Ndiyo maana waundaji wa mita tangu miaka ya 1930 walihamisha kazi nyeti hadi kwenye ncha, yaani probu. Hapo, milimita chache kutoka mahali panapopimwa, mawimbi ya redio hugeuzwa kuwa umeme mnyoofu kama wa betri, na umeme huo ndio unaosafiri kwenye kebo. Sanduku linakuza, linasogeza mshale, basi.

Kwa hiyo swali la kukarabati probu ni zito kuliko linavyoonekana. Kuifanya itoe umeme tena ni kazi ya nusu saa kwa fundi mwenye mkono mtulivu. Kuifanya iseme kweli ni jambo jingine, kwa sababu sanduku lilichorwa, kusawazishwa na kuandikiwa uso wake likitarajia ncha yenye tabia maalumu. Ukibadilisha ncha, mshale utaendelea kusogea kwa heshima zote huku ukidanganya. Na udanganyifu wa mshale haupigi kelele.

Kundi la kwanza la mita hizi ni la valvu. HP 410B, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa mita ya kawaida kwenye meza za maabara na vituo vya redio, ina dayodi ndogo ya valvu iitwayo 2-01C ndani ya probu, na inapima hadi megahezi 700 na hadi volti 300. Mrithi wake, 410C, hutumia probu ya 11036A yenye valvu pia. Utendaji wake ni mwepesi kueleza: kapasita ndogo huchajiwa hadi kilele cha wimbi, sanduku husoma kilele hicho, na uso wa mita umeandikwa thamani inayolingana ya RMS, yaani thamani fanisi ya volti, kwa kudhani kwamba wimbi ni laini na safi. Filamenti ya valvu ikikatika, au hewa ikipenya, probu imekufa. Valvu zenyewe ni adimu.

Hapa ndipo kishawishi cha kwanza kinapoingia: toa valvu, weka dayodi ya kisasa. Wengi wamefanya hivyo, na kwa mipaka fulani inafaa. Lakini piga hesabu kwanza. Kapasita ikishachajiwa hadi kilele, dayodi inabeba karibu mara mbili ya kilele hicho kwa upande wa kinyume. Kwa volti 300 za RMS, kilele ni volti 424, na mzigo wa kinyume ni karibu volti 850. Dayodi ya 1N5711, ambayo ni ya haraka na hupatikana kirahisi, inavumilia volti 70 tu. Maana yake probu iliyobadilishwa kwa dayodi moja ya aina hiyo haifai kupita takriban volti 24, hata kama swichi ya mita bado inajigamba hadi 300. Isitoshe, dayodi ya valvu hupitisha mkondo mdogo hata pasipo volti yoyote, na sanduku lina saketi ya kuufuta mkondo huo. Ukiweka dayodi isiyokuwa na tabia hiyo, saketi ya kufuta inafuta kitu kisichokuwapo, na sifuri ya mita inahama. Ukarabati wa kweli unadai uguse sanduku pia. Kwa maoni yangu, anayetaka mita ya volti kubwa atafute valvu. Anayehitaji volti chache tu aweke dayodi, aandike kikomo kipya kwa wino usiofutika, na afunge ngazi za juu za swichi.

Kundi la pili ndilo lenye utajiri zaidi wa matatizo, na ndilo linalowavutia mafundi wengi: mita za milivolti zenye dayodi mbili kwenye probu. Mfano mashuhuri ni Boonton za mfululizo wa 91 na 92, zilizotengenezwa New Jersey na kampuni iliyoanzishwa 1947. Mita ya 92 husoma kuanzia ngazi ya milivolti 1 hadi volti 3, kutoka kilohezi 10 hadi megahezi 1,200. Ngazi moja ya chini na moja ya juu zimetengana mara elfu tatu, na dayodi ndani ya probu ni zilezile. Ajabu iko hapo.

Dayodi haina tabia moja. Ikipewa volti ndogo, chini ya takriban milivolti 30, umeme mnyoofu inaoutoa hufuata mraba wa volti inayoingia: ukiongeza volti mara mbili, kinachotoka kinaongezeka mara nne. Katika eneo hilo mita husoma RMS ya kweli hata kama wimbi limechafuka. Volti zikipanda, dayodi inaanza kufuata kilele, na katikati kuna eneo la mpito lisilo huku wala huko. Wahandisi wa Boonton waliweka ndani ya sanduku saketi za kunyoosha mkunjo huo, ngazi kwa ngazi. Saketi hizo zilisawazishwa kwa dayodi za aina ile, zenye mkunjo ule.

Sasa tazama ukubwa wa kinachosafiri. Milivolti 1 ikiingia, dayodi mbili kwa pamoja hutoa makumi machache tu ya maikrovolti. Mahali ambapo shaba inakutana na lehemu hutoa maikrovolti chache kwa kila digrii ya tofauti ya joto. Kwa hiyo fundi aliyelehemu vizuri kabisa, lakini akaacha kiungo kimoja karibu na vidole vya mtumiaji na kingine mbali, ameunda jenereta ndogo ya joto ndani ya probu. Mshale utatambaa kila probu inaposhikwa. Mabaki ya dawa ya kulehemu nayo huvuta unyevu na kuvujisha umeme. Katika mji wa pwani kama Tanga au Mombasa, tatizo hilo si la kinadharia. Kusafisha kwa alkoholi na brashi laini huokoa probu nyingi zilizodhaniwa kuwa na dayodi mbovu.

Dayodi ikiwa imekufa kweli, iwe kwa umeme tuli au kwa kuguswa kimakosa penye volti nyingi, uchaguzi wa mbadala unabana pande zote mbili. Ile 1N5711 inayovumilia volti 70 ina ukinzani mkubwa mno karibu na sifuri, wa megaomu nyingi, kiasi kwamba milivolti 1 inapotelea humo. Dayodi za Schottky zisizohitaji kusukumwa kwanza, kama HSMS-2850, zina ukinzani wa karibu kiloomu 9 karibu na sifuri na husikia milivolti vizuri, lakini hazivumilii volti nyingi za kinyume, kwa hiyo zitaungua kwenye ngazi ya volti 3. Hakuna dayodi moja ya dukani inayotenda yote mawili kama ile iliyochaguliwa kiwandani. Anayekarabati anaamua: je, mita hii itakuwa ya minong'ono au ya sauti za kawaida? Vilevile dayodi ni lazima ziwe pacha. Nunua kadhaa, zipime kwa mkondo mdogo uleule na katika joto lilelile, kisha chagua mbili zinazokaribiana zaidi.

Halafu kuna urefu wa waya. Sentimita moja ya waya mwembamba ina takriban nanohenri 10. Kwa megahezi 500 hiyo ni sawa na omu 31 za upinzani dhidi ya umeme geu, na ikiungana na kapasitansi ya dayodi huunda mlio wa ndani unaofanya mita ipandishe masomo kwenye masafa fulani na kuyashusha kwingine. Ndiyo maana dayodi yenye miguu mirefu iliyokunjwa "ili ienee" ni kosa hata kama kila kitu kinaonekana kufanya kazi kwenye megahezi 10. Jambo hilohilo linamhusu mtumiaji: waya wa ardhi wenye klipu, unaoning'inia kando ya probu, unaharibu kipimo cha masafa ya juu hata probu ikiwa mpya kutoka kiwandani.

Kundi la tatu halitazami volti kabisa. Linapima joto. Wazo lake ni la kale: Thomas Seebeck aligundua mwaka 1821 kwamba metali mbili zilizounganishwa hutoa umeme zikipata joto upande mmoja, na Samuel Langley akaunda bolomita yake ya kupima mnururisho mwishoni mwa miaka ya 1870. Mawimbi ya redio yakimezwa na kitu kidogo, kitu hicho hupata joto. Pima joto, umepata nguvu kwa wati, bila kujali umbo la wimbi.

Kihisi cha HP 478A, kinachounganishwa na mita za 431 na 432A, kina themista ndogo sana zilizopangwa kwa jozi. Jozi moja hupokea mawimbi, nyingine hukaa kando ikifuatilia joto la chumba ili lisichanganywe na joto la mawimbi. Mita huzipa umeme wake yenyewe hadi ukinzani ufike kiwango kilichowekwa. Mawimbi yakiingia na kuongeza joto, mita hupunguza umeme wake kwa kiasi kilekile. Kiasi kilichopunguzwa ndicho jibu. Napenda sana mpangilio huu kwa sababu unajihakiki wenyewe kwa sehemu: nguvu ya redio inalinganishwa na nguvu ya umeme mnyoofu, ambayo fundi yeyote anaweza kuipima kwa multimita nzuri.

Themista hizo huuawa na mambo mawili: nguvu kupita kiasi, kwani mita ya 432A inaishia miliwati 10, na mshtuko wa kuanguka. Kihisi kilichoanguka mara nyingi hakifi moja kwa moja. Ukinzani wa jozi mbili unaachana, na mita inashindwa kurudi sifuri. Tofauti ikiwa ndogo, rezista inayofungwa sambamba na jozi moja huweza kurudisha sifuri ndani ya uwezo wa kitufe cha kurekebisha, japo kipimo kitakuwa na hitilafu ndogo inayopaswa kupimwa upya. Jozi ikikatika, hakuna cha kulehemu. Na kabla ya kugusa chochote kwa multimita, kumbuka kwamba multimita nayo hupeleka mkondo; kwenye kitu kidogo kiasi hiki tumia ngazi yenye mkondo mdogo kabisa.

Mwaka 1974 HP walikuja na mita ya 435A na kihisi cha 8481A, cha megahezi 10 hadi gigahezi 18, na hali ikabadilika. Ndani yake mna themokapo mbili juu ya kipande chembamba cha silikoni. Kwa mawimbi ya redio zimefungwa sambamba, omu 100 kila moja, hivyo kebo inaziona kama omu 50. Kwa umeme mnyoofu zimefungwa mfululizo. Zinatoa takriban maikrovolti 160 kwa miliwati 1. Katika ngazi ya chini kabisa, maikrowati 1, hiyo ni nanovolti 160, kiasi ambacho kisingefika salama mwisho wa kebo. Kwa hiyo waundaji waliweka ndani ya kihisi swichi za transista zinazokatakata umeme huo mara 220 kwa sekunde na sehemu ya mwanzo ya kikuza umeme.

Mgawanyo huu ndio ufunguo wa ukarabati. Kihisi cha 8481A kikikaa kimya, yamkini kosa liko katika moja ya sehemu tatu. Kebo yenye pini nyingi ndiyo ya kushukiwa kwanza, kwani hupindwa kila siku. Jaribu nyingine kabla hujafungua skrubu. Ya pili ni bodi ya elektroniki ndani ya kihisi, ambayo hutengenezeka. Ya tatu ni kile kipande cha silikoni, na hicho hakitengenezeki mezani kwa mtu yeyote. Kinachukuliwa kutoka kihisi kingine kilichokufa kwa ugonjwa tofauti, au kazi inaishia hapo. Kikomo cha kihisi hiki ni miliwati 300 kwa wastani. Redio ya mkononi ya wati 5 ikichomekwa moja kwa moja, imekipa mara kumi na sita na zaidi ya kiwango hicho, na kosa hilo ndilo linalojaza masanduku ya vihisi vilivyokufa. Kipunguzi cha desibeli 30 kingeshusha wati 5 kuwa miliwati 5.

Kihisi ndugu, 8484A, hutumia dayodi na husikia hadi pikowati 100. Huja na kipunguzi chake cha desibeli 30, 11708A, kwa ajili ya uhakiki, na wauzaji hupenda kuvitenganisha. Bila kipunguzi hicho, rejea ya miliwati 1 iliyojengwa ndani ya mita ni kubwa mno kwake.

Bird 43 ni mnyama wa jamii tofauti, na pengine ndiyo mita ya redio iliyosambaa zaidi duniani. Kampuni ya Bird ilianzishwa Cleveland mwaka 1942. Hapa kihisi ni kidude cha duara kinachochomekwa katikati ya njia ya kebo, chenye mshale juu yake. Ukikigeuza nyuzi 180 kinapima nguvu inayorudi badala ya inayokwenda. Ndani kuna kitanzi, rezista na dayodi, na mita yenyewe ni ya maikroampea 30. Kidude kilichoanguka huhakikiwa upesi: peleka nguvu kwenye mzigo mzuri wa omu 50, kisha kigeuze. Kikisoma nguvu kubwa inayorudi kutoka mzigo ambao hauna cha kurudisha, kimepoteza uwezo wa kutofautisha pande mbili. Na hata kikiwa kizima, usahihi wake ni asilimia 5 ya kipimo kizima: kidude cha wati 100 kikionyesha wati 20 kinaweza kukosea kwa wati 5, yaani robo ya kile unachokisoma. Nimeona watu wakibishana kuhusu wati mbili kwenye kidude kama hicho.

Mita ya vekta ya HP 8405A, yenye probu mbili zilizofungwa kabisa na mwili wake, naipita haraka. Probu zake huchukua sampuli za wimbi na kulinganisha awamu hadi gigahezi 1. Ni kazi nzuri mno ya uhandisi, na probu moja ikifa, ushauri wa busara ni kutafuta mita nyingine ya kuchinjwa.

Baada ya yote hayo, kazi ngumu iko kwenye uhakiki. Sokoni Tanzania mizani haiaminiki kwa sababu inang'aa, inaaminika kwa sababu Wakala wa Vipimo wameijaribu kwa mawe ya uzito unaojulikana. Jiwe la fundi wa redio ni miliwati 1 kwenye omu 50, ambayo ni milivolti 223.6 za RMS, au milivolti 632 kutoka kilele hadi kilele. Mita za 435A na 436A zina rejea hiyo ndani yake, kwa megahezi 50, na kwa hiyo mita moja nzima ya aina hii huweza kuwa hakimu wa probu nyingine zote mezani. Asiye nayo anaweza kuanza na osiloskopu iliyohakikiwa, jenereta ya masafa ya chini kama kilohezi 100, na rezista ya omu 50 iliyopimwa. Kutoka hapo vipunguzi hushusha kiwango hatua kwa hatua, na kila hatua huonyesha kama mkunjo wa dayodi mpya unaendana na ule ambao sanduku linautarajia. Kwa Bird 43 hesabu ni hiyohiyo kwa ukubwa: wati 100 kwenye omu 50 ni volti 70.7.

Njia hiyo inatosha kuhakiki ukubwa. Haihakiki masafa. Probu inayosoma sawasawa kwenye kilohezi 100 inaweza kukosea vibaya kwenye megahezi 900, na nyumbani hakuna njia nyepesi ya kuligundua hilo isipokuwa kulinganisha na kihisi kisichoguswa. Hapo ndipo thamani ya karatasi ndogo iliyobandikwa ubavuni mwa kihisi cha 478A au 8481A inapoonekana. Karatasi hiyo ina jedwali la asilimia za kusahihisha kipimo kwa kila masafa, lililopimwa kwa kihisi hicho kimoja na si kingine. Ukihamisha moyo wa kihisi kimoja kwenda mwili wa kingine, karatasi ya mwili mpya ni cheti cha marehemu. Wauzaji wachache huiondoa. Mnunuzi anayeletewa kihisi "kilichofufuliwa" chenye karatasi inayong'aa ameuziwa mbuzi kwenye gunia.

Tahadhari moja ya afya: baadhi ya mizigo na vipunguzi vya nguvu kubwa vina kauri ya oksidi ya berili. Ikiwa nzima haina neno, ila vumbi lake linaua mapafu, kwa hiyo isipigwe tupa wala kuvunjwa.

Siku hizi kuna wanaoona njia hii nzima ni ndefu bure. Kipande cha AD8307 cha Analog Devices kinapima hadi megahezi 500 katika upana wa desibeli 92, na AD8318 hufika gigahezi 8. Mtu anaweza kukitia ndani ya ganda la probu iliyokufa na kurudisha uhai kwenye sanduku. Sioni ubaya, na kwa fundi wa Arusha au Kisumu anayetengeneza redio za mawasiliano pengine ndiyo njia ya maana zaidi. Lakini AD8307 hutoa milivolti 25 kwa kila desibeli. Inafuata desibeli, wala haifuati volti. Uso wa mita wenye mistari ya milivolti, pamoja na saketi zote za kunyoosha mkunjo wa dayodi, hauna tena kazi. Saketi hizo zirukwe kwa waya, na uso uchorwe upya.